Kuhamia Liwale na Vijiji vya Ndani vya Mkoa wa Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa mijini, hasa Dar es Salaam, wanaofikiria kuhamia wilaya ya Liwale au vijiji vinavyopakana nayo katika Nachingwea na Kilwa. Familia yangu ilihamia huku, na kila msimu wa korosho unapokaribia ninaulizwa maswali yaleyale na ndugu, majirani wa zamani na watu nisiowafahamu. Sina nia ya kumvuta mtu wala kumzuia. Ninataka tu kwamba anayekuja aje akijua anakokwenda, na anayebaki mjini abaki kwa sababu za kweli.

Kwa nini huku kuna watu wachache kiasi hiki?

Kwa Sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Lindi wote ulikuwa na watu 1,194,028, yaani wastani wa watu 18 hivi kwa kilomita moja ya mraba, ilhali Dar es Salaam ina zaidi ya watu 3,000 katika eneo la ukubwa huohuo. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara wenye wastani mdogo kuliko huu. Watu wengi wakisikia takwimu hizi hudhani kwamba ardhi ni mbovu au kwamba wenyeji ni wavivu wa kuiendeleza. Dhana zote mbili si za kweli, na anayehama akiwa nazo ataanza vibaya.

Uchache wa watu huku una historia yenye maumivu. Vita vya Majimaji vilianzia mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, na muda mfupi baadaye boma la Wajerumani lililokuwa Liwale lilivamiwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mazao na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wa magharibi ya Liwale katika makazi yao, kwa sababu ilizozitaja kuwa ni ugonjwa wa malale unaoenezwa na ndorobo na uharibifu wa tembo, na sehemu kubwa ya nchi yao ikaachiwa wanyama. Ndiyo maana leo utawakuta Wangindo, yaani wenyeji hao, huko Rufiji, Kilombero na Dar es Salaam, mbali na walikozikwa mababu zao. Kisha kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikawakusanya waliobaki kandokando ya barabara. Kwa hiyo ukiwa ndani ya basi ukaona maembe na mikorosho mikongwe imesimama peke yake porini, ujue kwamba hapo palikuwa na nyumba, na kwamba bado wapo wazee wanaoweza kukutajia majina ya waliokaa humo.

Ardhi inaonekana tupu. Je, nikifika ninaweza kujikatia shamba popote?

Hapana. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nitalieleza kwa kirefu.

Sehemu kubwa ya Liwale imo ndani ya iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo mwaka 2019 liligawanywa na sehemu yake kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo hakuna kilimo wala makazi. Nje ya mipaka hiyo ipo jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Magingo, inayoundwa na vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa ajili hiyo. Upo pia msitu wa Angai, wenye ukubwa unaokaribia hekta 140,000, ambao ni mali ya vijiji vinavyouzunguka, na vipo vijiji kadhaa vya Liwale na Kilwa vyenye misitu yao ya hifadhi, ambako miti kama mninga, mkongo na mpingo huvunwa kwa mpango na kwa vibali. Fedha za mbao hizo zimejenga madarasa, ofisi za vijiji na nyumba za watumishi. Mgeni anayefyeka ekari kumi ndani ya msitu kama huo anagusa mfuko wa kijiji kizima, hata kama hakuona kibao chochote mahali hapo.

Vilevile kuna ardhi ambayo imepumzishwa. Katika kilimo cha huku shamba la ufuta au mahindi linaweza kuachwa miaka kadhaa liote vichaka, na mwenyewe akahamia upande mwingine kwa muda. Kwa macho ya mtu wa Mbagala hilo ni pori. Kwa wenyeji ni shamba la fulani, na mpaka wake ni mti au kichuguu kinachojulikana na kila jirani.

Wilaya jirani ya Nachingwea ina funzo la wazi kuhusu jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili yake, wakaleta matrekta, na baada ya miaka michache tu mpango ukavunjwa. Waliitazama nchi kwenye ramani wakaona nafasi, bila kuwauliza waliokuwa wakiilima mvua zake zinakujaje na udongo wake unakaukaje. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa nitapataje ardhi kihalali?

Karibu ardhi yote itakayokuhusu ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ugawaji wake hupitia mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukuuzia ardhi, wala mtendaji, wala mzee maarufu, hata kama wote watatu wamekutana kwenye benchi moja na kukuandikia karatasi yenye mhuri.

Kwanza chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unaotoka, uipeleke kwa mtendaji wa kijiji, ujitambulishe pia kwa mwenyekiti wa kitongoji utakachokaa. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama upo, omba uonyeshwe eneo lililotengwa kwa kilimo, la malisho na la hifadhi. Ukiomba ardhi, subiri mkutano mkuu, na uhakikishe kwamba uamuzi umeandikwa kwenye muhtasari. Ukinunua shamba la mtu, uhamisho wa hakimiliki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na mke au mume wa muuzaji lazima awepo na akubali; ni vizuri watoto wake wakubwa nao wawepo. Kwa makabila kadhaa ya kusini, Wamwera na Wayao wakiwemo, ukoo hufuatwa upande wa mama, kwa hiyo mwenye sauti juu ya shamba anaweza kuwa mjomba ambaye hukuambiwa hata habari zake. Tembea mpaka wa shamba ukiwa na majirani wa pande zote nne. Baada ya hapo fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila.

Usinunue kwa simu. Usinunue kupitia dalali aliyeko Dar es Salaam, hata akikutumia picha nzuri namna gani.

Niende kutazama wakati gani wa mwaka?

Watu wengi huja Julai au Agosti, hewa ikiwa ya baridi kidogo, barabara zikiwa kavu, mikorosho ikitoa maua, na kila mtu akiwa na nafasi ya kuzungumza. Huo ni wakati mzuri wa kupenda mahali, lakini hauwezi kukuonyesha yote unayohitaji kuyajua.

Njoo Februari au Machi. Mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na barabara zinazoingia Liwale kutoka Nangurukuru, takriban kilomita 230, na kutoka Nachingwea, takriban kilomita 130, kwa sehemu kubwa ni za udongo na changarawe. Safari inayokuchukua saa chache wakati wa kiangazi inaweza kukuchukua siku nzima au zaidi wakati wa mvua, na bei ya bidhaa dukani hupanda kwa sababu hiyohiyo. Hata barabara kuu ya lami ya Dar es Salaam hadi Lindi si ya uhakika kila mwaka: Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga na mengine, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Ukifika kipindi hicho, kaa wiki mbili, si siku mbili. Angalia maji yanatoka wapi na yana rangi gani, na ni chakula gani kilichobaki ndani ya nyumba za watu, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo ya upungufu kabla ya mavuno mapya. Kama baada ya wiki hizo mbili bado moyo wako unataka kubaki, basi una sababu nzuri ya kuendelea na mipango.

Je, korosho zitanilisha?

Zinaweza kukusaidia sana, lakini si kwa mwaka wa kwanza wala wa pili. Mkorosho ulioutunza vizuri huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, na mavuno ya kutegemewa huja miaka kadhaa baadaye. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 tu. Wengi hubananisha miti wakidhani watapata zaidi, kisha matawi hugusana, hewa haipiti, na ugonjwa wa ubwiriunga, yaani ukungu mweupe wa maua na majani machanga, unastawi. Nunua au omba miche bora, na usikilize ushauri wa afisa ugani, ambao kwa sehemu kubwa unatokana na utafiti wa kituo cha Naliendele huko Mtwara.

Kazi ya mwaka inakwenda hivi: palizi na kufyekea chini ya miti baada ya mvua, kupulizia salfa, yaani dawa ya unga ya kuzuia ubwiriunga, au dawa ya maji kuanzia maua yanapochomoza katikati ya mwaka, kisha kuokota korosho kuanzia Septemba au Oktoba. Kupulizia ni kazi ya alfajiri na inahitaji mashine, mafuta na vibarua, kwa hiyo gharama hukukuta kabla hujaona hata senti. Jisajili mapema kama mkulima katika ofisi ya kijiji, kwa kuwa pembejeo za ruzuku hugawanywa kwa waliosajiliwa, na mazao huuzwa kupitia chama cha msingi, yaani AMCOS, katika utaratibu wa stakabadhi ghalani. Kwa Liwale, Nachingwea na Ruangwa, chama kikuu ni RUNALI. Korosho zinapelekwa ghalani, zinauzwa kwa mnada, makato yanatolewa, na fedha inaingia benki. Fungua akaunti kabla ya msimu.

Bei haina ahadi. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za chini minadani, Serikali ikaingilia kati na kutangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likizisomba, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Aliyekuwa na akiba ya mahindi na ufuta alivuka kipindi hicho. Aliyetegemea korosho peke yake alikopa.

Kukopa huko kuna jina, nalo ni kangomba. Mtu anakuja wakati wa njaa, anakupa fedha au unga, na unamlipa kwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei ndogo aliyoipanga mwenyewe. Biashara hiyo imekatazwa, lakini shida ya mwezi wa pili haisomi katazo. Ninaomba kwa dhati: njoo ukiwa na chakula au fedha za kukuvusha miezi 18, ili usiingie kwenye kangomba, na vilevile ili usije ukawa wewe ndiye unayewafanyia wenzako. Mgeni mwenye fedha huombwa kufanya hivyo mapema sana, na akikubali amejifungia milango ya kijiji.

Zaidi ya korosho, panda ufuta, mbaazi, mihogo na mahindi. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, wakati fedha inahitajika kwa salfa.

Ni kweli kwamba tembo huingia mashambani?

Ni kweli. Huingia usiku, hasa mazao yanapokaribia kukomaa, na familia inaweza kupoteza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja. Sheria inatambua malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa wafiwa. Majina yenyewe yanaeleza ukweli wake: si fidia ya thamani ya ulichopoteza. Kiasi hutegemea pia umbali wa shamba lako kutoka mpaka wa hifadhi, na anayelima karibu mno na mpaka anaweza asipate chochote. Kwa hiyo kabla hujachagua shamba, waulize wanawake wanaolima upande huo, kwa sababu ndio wanaojua njia za tembo kwa mwezi na kwa saa. Uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki, tochi na kulinda kwa zamu husaidia, lakini kulinda kwa zamu kunahitaji majirani. Shamba lililojitenga kilomita tano na wenzako, ambalo huenda ndilo ulilokuwa ukiliota ukiwa kwenye foleni ya Mandela, ndilo linaloliwa kwanza.

Nina mama mzee na mke mjamzito. Huduma za afya zikoje?

Vijiji vingi vina zahanati, baadhi ya kata zina kituo cha afya, na hospitali ya wilaya iko Liwale mjini. Zahanati itatibu malaria, itafanya kliniki ya wajawazito na chanjo, na itazalisha uzazi usio na matatizo. Upasuaji na damu ni vya mjini. Kwa mjamzito au mtoto mchanga aliye katika hatari kuna mfumo wa rufaa wa m-mama, unaopigiwa simu bure kwa namba 115 ili gari litafutwe, na ni vizuri kila mtu wa nyumba yako aijue namba hiyo kwa kichwa. Hata hivyo gari haliwezi kuvuka korongo lililojaa maji. Mke aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, mwenye sikoseli na mgonjwa wa figo hawapaswi kukaa mbali na hospitali, na kama mmoja wao yumo ndani ya nyumba yako, ushauri wangu ni kukaa Liwale mjini au Nachingwea mjini na shamba ulifuate kwa pikipiki. Hakuna shamba la thamani hiyo.

Watoto watasoma wapi?

Shule za msingi zipo, na ada katika shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Ugumu uko sekondari, kwa kuwa shule ya kata inaweza kuwa kilomita nyingi kutoka kitongojini. Wasichana wanaopanga vyumba ili wawe karibu na shule huwa hatarini, na hilo lisifichwe. Tafuta shule yenye bweni au hosteli, au nyumba ya jamaa unayemwamini, kabla mtoto hajamaliza darasa la saba.

Umeme, maji na mtandao?

Umeme wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, umefika katika vijiji, lakini kufika kijijini si kufika kila kitongoji, kwa hiyo uliza nguzo ya mwisho imesimama wapi. Ada ya kuunganishiwa vijijini imekuwa shilingi 27,000. Ukiwa mbali na nguzo, sola ndogo inatosha taa, redio na simu. Maji hutoka kwenye visima na miradi ya RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, inayoendeshwa na jumuiya za watumia maji. Lipa mchango wako kwa wakati, kwa sababu pampu ikiharibika mfuko huo ndio unaoitengeneza. Mtandao wa simu ni mzuri karibu na minara na hafifu au haupo kabisa bondeni. Mwenye kazi ya intaneti ajaribu laini zote akiwa amesimama mahali hasa atakapolala.

Wenyeji watanipokeaje?

Kwa ukarimu, kama utakuja kwa adabu. Msalimie kila unayekutana naye, na mzee umpe shikamoo yake bila haraka. Nenda kwenye misiba yote, hata ya usiyemjua, ukae chini na wenzako, uchimbe kaburi kama umejaliwa nguvu. Wakazi wengi ni Waislamu, jando na unyago bado vina heshima, na mwezi wa Ramadhani maisha ya mchana hubadilika. Huulizwi dini yako kwa ubaya, lakini unatarajiwa kuheshimu ya wenzako.

Kuna jambo moja linalohitaji hekima zaidi. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi wao waliletwa au walikuja na mifugo yao mkoani Lindi, na tangu hapo imekuwapo migogoro kati yao na wakulima kuhusu malisho, maji na mazao yaliyoliwa. Utasikia maneno makali juu yao siku ya kwanza. Wewe nawe ni mhamiaji. Usijiunge na kundi lolote, mripotie mwenyekiti wa kitongoji kila tukio, na mgogoro wa ardhi upeleke kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Mwenzangu hataki kuhama. Nifanye nini?

Usihame. Ninajua jibu hili linawaudhi wengi, lakini nimeona nyumba zilizovunjika kwa sababu mmoja alidhani mwenzake atazoea. Mjini mwenzako ana shoga zake, kikoba chake, biashara yake ya vitenge, na duka la dawa hatua ishirini kutoka mlangoni. Shambani atapewa jembe na ukimya. Mwulize anachokiogopa hasa, kisha mje wote wawili wakati wa mvua, yeye akazungumze na wanawake bila wewe kuwepo. Akisema hapana baada ya hapo, hiyo ni hapana ya mtu aliyeona. Unaweza kulima kwa msimu na kurudi, kama wafanyavyo wengi wenye mashamba huku.

Niuze nyumba ya mjini ili nipate mtaji?

Usiuze kwa miaka mitatu ya kwanza. Ipangishe, hata kwa kodi ndogo, na kodi hiyo iwe ndiyo salfa na chakula chako. Kwanza kodi chumba kijijini, lima ekari mbili za kuazima, uonje msimu mzima kuanzia kufyeka hadi mnada wa mwisho. Mwaka wa pili panda mikorosho, kama ardhi imepitishwa na mkutano mkuu na muhtasari umeandikwa. Mwisho wa mwaka wa tatu, kaeni chini nyote nyumbani, watoto wakubwa wakiwemo, mhesabu fedha iliyoingia na iliyotoka, mara ngapi mliugua, na nani alikuja mlipouguliwa. Mkishamaliza hesabu hiyo, ndipo mzungumze kuhusu nyumba ya mjini.